Uzi wa Bandi na Gundi ya Kopo

Msomaji ambaye hajapata kushika sindano huenda hajui bandi ni nini, wala si aibu, kwani mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule yenye somo la ushonaji na sikuijua sawasawa. Bandi ni mshono wa muda, mrefu na mlegevu, ambao fundi huupiga ili kitambaa kikae mahali pake kabla mshono wenyewe haujapita. Kazi ikiisha, uzi wa bandi huchomolewa ukatupwa. Mwenye kuvaa nguo hauoni, na mwenye kuinunua haulipii. Nimesomesha historia kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia biashara ya pembe hadi Azimio la Arusha, na sikumbuki kuwapa wanafunzi wangu hata kipindi kimoja juu ya kazi za aina hii, ambazo zikifanywa vizuri hazionekani kwamba zilifanywa.

Kilichonirudisha kwenye bandi ni safari. Binti yangu wa pili ni muuguzi katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, huko Marekani, na baada ya mimi kustaafu alinikaribisha nikakaa naye miezi mitatu. Mzee asiye na kazi katika nyumba ya watu wenye kazi ni mzigo, hata kama anapendwa. Basi kila Alhamisi binti yangu alinipeleka katika ukumbi wa kanisa la jirani, ambako akina mama wazee hukusanyika kushona mifarishi, akaniacha huko kama mtoto anavyoachwa shule ya chekechea. Nilipewa kahawa na kazi ya kukata nyuzi.

Mfarishi wa Kimarekani una matabaka matatu. Juu ni viraka vilivyounganishwa kwa mpango, nyota au vibanda au maua. Katikati ni pamba. Chini ni kitambaa kizima, wanachokiita mgongo. Matabaka haya hushonwa pamoja kwa mishono ya kudumu inayopita yote matatu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ukianza kushona kabla hujayafunga matabaka mahali pake, pamba hukimbilia upande mmoja, mgongo hufanya makunyanzi, na mfarishi wenye upana wa mita mbili huishia umepinda kama njia ya ng'ombe. Ndiyo sababu ya bandi: mistari ya uzi mweupe kutoka katikati kwenda pembeni, kila mmoja mbali na mwenzake kwa upana wa kiganja. Uzi uwe mweupe, kwa kuwa wa rangi waweza kuacha doa. Mwanzo uwe na fundo, mwisho uachwe bila fundo ili uchomoke kwa urahisi. Kwa mfarishi wa kitanda kikubwa, mtu mmoja akifanya kazi hiyo kwa magoti sakafuni huimaliza siku nzima, na asubuhi ya pili hawezi kunyooka.

Alhamisi ya tatu mama mmoja alikuja na kopo. Alitandaza magazeti nje, kwenye nyasi, akautandika mgongo wa mfarishi, akatikisa kopo na kupulizia gundi kama sisi tunavyopulizia dawa ya mbu. Akalaza pamba, akaikunja nusu, akapulizia tena, akalaza viraka juu, akapitisha viganja kuanzia katikati. Dakika 20 hazikutimia. Mama mwingine, mwenye umri wa miaka 81, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, alisimama mlangoni na fimbo yake akitazama, kisha akasema kwa sauti ya darasani kwamba huo si ushonaji, ni useremala. Mwenye kopo hakukasirika. Alinyanyua mikono akamwonyesha vidole vilivyovimba viungo. Tangu miaka minne iliyopita, alisema, vidole hivi vimekataa bandi, je niache kushona?

Mimi moyoni nilikuwa upande wa yule wa fimbo. Walimu wazee husimama pamoja. Lakini siku zilizofuata binti yangu alinitafutia vitabu maktaba, tena Jumamosi moja akaniendesha mwendo wa zaidi ya saa tatu hadi Paducah, mji mdogo kandokando ya mto Ohio wenye makumbusho ya mifarishi yaliyofunguliwa mwaka 1991, na niliyoyasoma na kuyaona yalinivurugia hukumu yangu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba bandi yenyewe, ambayo mama wa fimbo aliitetea kama urithi wa mababu, haikuwa lazima sana kwa mababu hao. Katika nyumba za wakulima wa Marekani wa karne ya 19 mfarishi ulitandazwa kwenye fremu ya mbao nne, ukakazwa pande zote kama ngozi ya ngoma, na wanawake wakaketi kuuzunguka wakishona. Katika nyumba nyingine fremu ilining'inizwa darini kwa kamba, ikateremshwa mchana na kupandishwa usiku watu wapate pa kulala. Mfarishi uliokazwa hivyo hauna pa kukimbilia. Fremu ndiyo iliyoyashika matabaka, na majirani ndio walioishika fremu, maana mtu mmoja peke yake mbele ya fremu ya mita mbili na nusu ni kama mtu mmoja kwenye ngalawa ya watu sita.

Ufundi huu ulififia, kisha ukafufuka katika miaka ya 1970. Mwaka 1971 Jonathan Holstein na Gail van der Hoof walitundika mifarishi ya kale kwenye kuta za Whitney Museum jijini New York kama picha za wachoraji, na mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, watu wengi walianza kutafuta mambo ya bibi zao. Lakini wajukuu hawakuwa na nyumba za bibi. Walikaa katika vyumba vidogo, na jirani alikuwa mtu wa kusalimiana naye kwenye ngazi. Walishona kwa kitanzi cha mbao kinachokaa mapajani, kinachoshika kipande kidogo cha mfarishi kwa wakati mmoja. Sehemu zilizobaki zikawa huru kukimbia. Hapo ndipo bandi ilipopata cheo kikubwa: ilichukua nafasi ya fremu, na kwa kadiri ninavyoona mimi, ilichukua pia nafasi ya majirani.

Kisha cherehani ikaingia. Mwaka 1987 Harriet Hargrave alitoa kitabu kinachofundisha kutia mishono ya mfarishi kwa cherehani ya nyumbani, na mwaka 1989 huko Paducah, katika maonyesho ya chama kikubwa cha washonaji, Caryl Bryer Fallert akapata zawadi ya kwanza ya maonyesho yote kwa mfarishi ulioshonwa kwa mashine, picha ya jua likipatwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfarishi wa namna hiyo kushinda pale, na ubishi ulikuwa mkali. Walisema huo si ushonaji. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka mama wa fimbo, ambaye kwa taarifa yako, msomaji, hushonea cherehani.

Sasa bandi na cherehani hazipatani. Mguu wa cherehani hunasa kwenye nyuzi ndefu, na mshono wa mashine ukipita juu ya uzi wa bandi huufunga, kuuchomoa ikawa kazi ya kibano na machozi. Washonaji wakageukia pini za kufunga, zile tulizofungia nepi za watoto wetu. Mfarishi mmoja hula mamia ya pini. Kila moja hufungwa kwa vidole, na kila moja hufunguliwa tena mashine inapokaribia. Kwa mwenye viungo vinavyouma, dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa.

Naomba nikae kidogo kwenye pini hii, kwa sababu ndani yake kuna mtu. Aliyeibuni ni Walter Hunt wa New York, aliyepata hataza yake tarehe 10 Aprili, 1849. Inasimuliwa kwamba alikuwa anadaiwa dola 15, akapinda waya mpaka akapata umbo lile, kisha akaiuza haki yote kwa dola 400. Wengine wakatajirika. Lakini kabla ya hapo, kati ya mwaka 1832 na 1834, Hunt huyo huyo alikuwa ametengeneza cherehani inayofunga mshono kwa nyuzi mbili, zaidi ya miaka kumi kabla ya Elias Howe kupata hataza yake mwaka 1846. Yeye hakuiandikisha. Masimulizi yanasema alitaka binti yake aanzishe biashara ya kushonea mashine hiyo, na binti akakataa, akihofia kwamba mashine itawanyang'anya chakula wanawake walioishi kwa sindano. Haya ni masimulizi, na mwalimu wa historia hana budi kuyaita hivyo. Hata hivyo yamenikaa moyoni. Mashine ya mtu huyu na pini ya mtu huyu zilikuja kukutana juu ya mfarishi mmoja baada ya miaka 150 hivi, na swali la binti yake lilikuwa bado halijajibiwa: je, muda unaookolewa unakuwa wa nani?

Ama kuhusu kopo, asili yake iko mbali kabisa na ushonaji. Mhandisi wa Norway, Erik Rotheim, ndiye aliyebuni kopo la kupulizia katika miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyolipeleka duniani. Mwaka 1941 Lyle Goodhue na William Sullivan, watumishi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walitengeneza kopo zito la kupulizia dawa ya wadudu, na askari walibeba mamilioni ya makopo hayo ili mbu wa malaria wasiwamalize kabla ya adui. Baada ya vita Robert Abplanalp akabuni valvu nyepesi na rahisi, na kopo likaingia majumbani na rangi, manukato, na mwishowe gundi. Kwa hiyo nilipomwona mama yule akipulizia kama anaua mbu, sikukosea sana.

Gesi iliyosukuma dawa katika makopo ya zamani iliitwa klorofluorokaboni. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hiyo hupanda juu na kula tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Marekani iliipiga marufuku katika makopo mengi mwaka 1978, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaifunga duniani. Viwanda vikageukia gesi za jamii ya ile tunayopikia. Haidhuru ozoni lakini hushika moto, na ndiyo maana mama wa kopo alifanya kazi nje, mbali na jiko la kahawa. Gundi ya mifarishi, iliyoanza kuenea kwa washonaji katika miaka ya 1990, ina tabia moja ya ajabu: imetengenezwa ili ishindwe. Inashika kwa muda, hubanduka na kubandikwa tena ukikosea, na mfarishi ukifuliwa huondoka na maji. Kwa maana hiyo nayo ni bandi. Ukizidisha, sindano hunata, na sakafu ya gereji ya binti yangu, alipojaribu mwenyewe, iliteka soksi zangu kwa juma zima.

Gundi isiyo na nia ya kuondoka ni habari nyingine. Tarehe 11 Oktoba, 1987, mfarishi wa kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI ulitandazwa kwa mara ya kwanza jijini Washington, ukiwa na vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, kipimo cha kaburi. Wazo lilikuwa la Cleve Jones wa San Francisco. Maelekezo kwa washonaji yalishauri herufi za majina zishonwe, gundi isitegemewe, kwa kuwa haidumu. Wengi waliotengeneza vipande hivyo hawakuwa wameshika sindano kabla ya msiba. Sisi tuliozika walimu wenzetu katika miaka ya 1990, wakati mwingine wawili katika muhula mmoja, tunajua kwamba msiba hausubiri mtu ajifunze kushona. Sitamcheka aliyebandika jina la mwanawe kwa gundi.

Nimezunguka sana, na sasa sina pa kukimbilia.

Mwaka 1984 nilikuwa na umri wa miaka 34 na mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Nguo zilikuwa adimu, wanaokumbuka miaka ile wanajua. Mwenge wa Uhuru ulikuwa unapita kwetu na watoto 40 walitakiwa kucheza halaiki wakiwa na sare. Tulipata majora mawili ya kitambaa kwa kibali, baada ya mimi kulala siku tatu makao makuu ya mkoa. Mwalimu wa sayansikimu, mama aliyenizidi miaka kama sita, alikuwa na cherehani mbili nzima na wasichana wa darasa la sita na la saba. Siku ya pili niliingia nikawakuta hawajashona kitu. Wote wameinama wanapiga bandi kwenye kola na mikono ya mashati. Nikauliza kazi hii itaisha lini. Akasema, "Mwalimu Mkuu, tukiacha bandi kitambaa kitakimbia, na hatuna kingine." Mimi nikajibu mbele ya wanafunzi kwamba shule haijengi kaburi la mfalme, kwamba uzi unaotolewa na kutupwa ni uzi uliopotea na ni muda wa taifa uliopotea, nikaamuru washone moja kwa moja. Ubaoni nyuma yangu, kwa mwandiko wangu, palikuwa na methali ya juma: haraka haraka haina baraka.

Mashati 11 hayakuvalika. Kola zilipinda, mikono mingine iliingia nyuma mbele. Watoto 11 walisimama nyuma ya uzio siku ya halaiki wakiwatazama wenzao. Wakubwa waliponiuliza, niliandika katika taarifa kwamba mwalimu wa somo alizembea. Nilimpa nakala ya barua ya onyo mimi mwenyewe, mkononi. Aliisoma, akaikunja mara nne, akasema, "Sawa, Mwalimu Mkuu." Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alihamishwa wilaya nyingine.

Mama wa kopo kule Kentucky aliufupisha muda wake kwa hiari yake, kwa sababu ya vidole vyake, na muda uliobaki aliutumia kushona mfarishi wa pili. Mimi niliufupisha muda wa mtu mwingine kwa sababu ya cheo changu. Nilipoelewa tofauti hiyo niliacha kumtetea mama wa fimbo, na pia niliacha kulala vizuri. Nilimweleza binti yangu habari yote jikoni, usiku, alipotoka zamu. Aliniuliza tu, "Baba, huyo mwalimu yuko hai?"

Yuko hai. Nilimpata kupitia walimu wastaafu tunaokutana kwenye mambo ya pensheni, anaishi na mwanawe wilayani Kilosa. Kopo sikubeba, kwani vitu vya kushika moto haviruhusiwi kwenye ndege. Nilikwenda na kilo mbili za sukari na miwani yangu ya kusomea, maana nilikuwa nimeyaandika maneno yangu ili nisiyakimbie. Niliposema, "Shikamoo, Mwalimu," alinitazama muda mrefu, macho yake sasa yana ukungu, kisha akaitikia, "Marahaba, Mwalimu Mkuu," nikaona haya kwa jinsi alivyolitamka.

Nilisoma karatasi yangu. Nilisema kwamba taarifa ile ya 1984 ilikuwa ya uongo, kwamba amri ilikuwa yangu, na kwamba ningeiandika hivyo katika kitabu hiki. Alisikiliza hadi mwisho. Mashati alikuwa ameyasahau idadi, akadhani ni sita. Barua hakuisahau. Iliandikwa kwenye jalada lake, akasema, na alipoomba kupandishwa cheo mara mbili aliulizwa juu yake. Hilo sikulijua. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwuliza.

Mjukuu akaleta chai. Ili kuvunja kimya nikaanza kumweleza habari za Kentucky, fremu, pini na kopo, nikitegemea kwamba yeye, kuliko watu wote, ataidharau gundi. Akaweka kikombe chini. Akataka kujua kama sindano hainati, kama inaacha doa kwenye kitambaa cheupe, kama inatoka kwa maji baridi, kama harufu yake haiwaumizi watoto kifuani. Nilijibu niliyoyajua. Akauliza kama inafaa kwenye kola. Nikasema wale akina mama huitumia kwenye mifarishi tu, kwenye kola sikuona.

"Ingefaa," akasema, akisugua kidole gumba na cha shahada kana kwamba anapima kitambaa. "Kidogo tu, upande wa ndani. Ungeniletea kopo moja mwaka ule, badala ya kuja kunifokea."